Mgambo wa 1791, risasi za leo

Kila Juni inapofika ukingoni, nje ya jengo la Mahakama ya Juu ya Marekani huonekana vijana wakitimua mbio. Ndani ya ukumbi kamera ni marufuku na simu ni marufuku. Kwa hiyo saa nne asubuhi, majaji wanapoanza kutangaza hukumu, vijana wanaojifunza kazi kwenye vituo vya televisheni hunyakua nakala za karatasi na kukimbia nazo, suti mwilini na raba miguuni, hadi kwa watangazaji wanaosubiri juani. Kwetu Afrika Mashariki huwa ni saa kumi na moja jioni. Nimezifuatilia siku hizo kwa miaka mingi, kompyuta mezani na chai ikipoa, na kila mara moyo wangu hukimbia pamoja na wale vijana, maana najua makaratasi yale yanaweza kubeba roho za watu.

Muhula wa mahakama hiyo huanza Jumatatu ya kwanza ya Oktoba na kufika tamati mwishoni mwa Juni au siku chache za Julai. Kesi nyepesi hutoka mapema. Zile zinazowagawa majaji huzunguka ofisini kwa miezi: mmoja anaandika, wa pili anapinga, yule wa kwanza anaandika upya ili amjibu wa pili, mpaka kalenda inawabana wote. Ndipo hukumu nzito zinapomwagwa kwa mkupuo, na majaji wanavua majoho na kwenda mapumzikoni. Bunduki imeangukia siku hizo mara nyingi mno. Tarehe 26 Juni 2008. Tarehe 28 Juni 2010. Tarehe 23 Juni 2022. Tarehe 14 na 21 Juni 2024.

Niseme mapema nilipo. Majaji hao tisa hukaa kitini maisha yao yote wakitaka, hakuna aliyewapigia kura, na desturi inataka tuwataje kwa sauti ya chini. Mimi sitaishusha sauti. Naamini kwamba katika suala la bunduki mahakama hii imewadhulumu watu walio hai kwa kuwapa waliokufa neno la mwisho.

Chanzo cha yote ni sentensi moja ya Kiingereza yenye maneno 27, Marekebisho ya Pili ya Katiba, yaliyoidhinishwa mwaka 1791. Nimejaribu kuitafsiri mara nyingi. Sehemu yake ya kwanza inautaja mgambo ulioandaliwa vyema, kuwa ni wa lazima kwa usalama wa dola huru. Ya pili inasema haki ya watu kuweka na kubeba silaha isivunjwe. Katika Kiingereza sehemu hizo zimelazwa ubavu kwa ubavu, koma tu katikati. Kiswahili hakikubali ulegevu huo. Lazima uziunge, na kiunganishi kinachokaa vizuri ni "kwa kuwa". Ukishaandika "kwa kuwa mgambo ni wa lazima", msomaji ameshajua haki inayofuata imezaliwa na nini. Halafu unafika kwenye neno "watu". Je, ni wananchi, kwa maana ya umma uliojipanga pamoja, au ni kila mtu peke yake chumbani kwake? Mfasiri hana budi kuchagua. Majaji nao walichagua, na uchaguzi wao una makaburi.

Neno mgambo kwetu halina fumbo. Mtanzania akilisikia anamwona kijana wa kijijini aliyepita kwenye mafunzo, mwenye kamanda juu yake, anayeitwa na kuitika. Na kabla ya kuwa jina la askari, mgambo ulikuwa mlio wa kuwaita watu: mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Jambo lenyewe ni la wote, na anayeitika anatoka nyumbani kwake kulikabili pamoja na wenzake.

Mahakama ya Juu yenyewe iliwahi kuisoma sentensi ile kwa namna inayokaribia hiyo. Mwaka 1939 ililetewa kesi ya bunduki iliyokatwa mtutu, silaha ya majambazi wa enzi zile, ikauliza swali jepesi: silaha hii ina uhusiano gani na mgambo? Haikuonyeshwa uhusiano wowote. Mshtakiwa mkuu, Jack Miller, alikuwa ameshauawa kwa risasi kabla hukumu haijatoka, na siku ya kusikilizwa hakuna wakili aliyesimama upande wake. Kwa karibu miaka 70 mahakama nyingi za chini zilishika njia hiyo. Warren Burger, Jaji Mkuu mstaafu aliyeteuliwa na Rais Nixon, mtu ambaye hakuna aliyemwita mfuasi wa mrengo wa kushoto, alisema kwenye televisheni mwaka 1991 kwamba watetezi wa bunduki wamewafanyia Wamarekani utapeli kwa jinsi wanavyoyatumia Marekebisho hayo.

Mwaka 2008 njia hiyo ilikatwa. Dick Heller alikuwa mlinzi mjini Washington. Kazini alibeba bastola, lakini sheria ya jiji ya mwaka 1976 ilimkataza kuwa nayo nyumbani. Alishtaki, akashinda kwa kura tano dhidi ya nne. Jaji Antonin Scalia, aliyeandika hukumu, alikubali kwamba sentensi inaweza kusomwa kwa "kwa kuwa", kama nilivyoisoma mimi. Akasema hata hivyo kwamba sababu iliyotajwa haiiwekei haki mipaka. Kwa hiyo mgambo ukabaki kuwa utangulizi, na haki ikawa ya kila mtu, silaha yake na mlango wake. Scalia aliweka tahadhari ndani ya hukumu hiyohiyo: haki hii ina mipaka, na marufuku kwa waliopatikana na makosa makubwa ya jinai, kwa wagonjwa wa akili, shuleni na kwenye majengo ya serikali bado yanasimama. Nimewahi kumpinga mwanasheria rafiki yangu aliyesema tahadhari hiyo ilitosha. Ukuta ulishabomolewa, na aliyebomoa alikuwa anaonyesha vyumba ambavyo hakukusudia kuviingia.

Kesi ya mwaka 2010 inanisumbua zaidi, kwa sababu mdai wake nampenda. Otis McDonald alikuwa mzee Mweusi wa miaka 76 wa mtaa wa Morgan Park, Chicago. Alikuwa ametoka Louisiana akiwa kijana mdogo, kama Weusi wengine wengi waliokimbilia kaskazini. Nyumba yake ilivunjwa mara kadhaa na wahuni wa mtaani walimtishia. Alikuwa na bunduki ndefu kihalali, lakini alitaka bastola karibu na kitanda, na Chicago ilikuwa imezikataza tangu 1982. Hukumu yake ilitoka tarehe 28 Juni, siku ya mwisho ya muhula. Ilikuwa pia siku ya mwisho kazini kwa Jaji John Paul Stevens, mwenye miaka 90, na watu ukumbini walivaa tai za kipepeo kumuenzi, maana ndiyo tai aliyoivaa daima. Jaji Ruth Bader Ginsburg alifiwa na mumewe siku moja kabla, na bado alikuja kukaa kitini. McDonald alishinda, tano dhidi ya nne tena. Stevens aliondoka akiwa amepinga, na mwaka 2018, akiwa amestaafu, aliandika gazetini kwamba Marekebisho ya Pili yafutwe kabisa.

Mzee McDonald hakuwa mtu wa kubezwa, na wanaoandika kuhusu bunduki za Marekani kana kwamba ni ugonjwa wa wazungu wakorofi peke yao hawajui historia ya Weusi. Mwaka 1857, katika hukumu ya Dred Scott, Jaji Mkuu Roger Taney alitaja wazi moja ya hofu zake: Mweusi akihesabiwa kuwa raia, atakuwa na haki ya kubeba silaha popote aendapo. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, majimbo ya kusini yalitunga sheria za kuwapokonya Weusi bunduki ili wanaowavamia usiku wasipate kizuizi. Jumapili ya Pasaka mwaka 1873, huko Colfax, Louisiana, jimbo alikotoka McDonald, makumi ya Weusi waliuawa na genge la wazungu wenye silaha, wengi wao wakiwa wameshajisalimisha. Miaka mitatu baadaye Mahakama ya Juu ilifuta hatia za wauaji wachache waliokuwa wamepatikana na makosa, ikasema Marekebisho ya Pili yanalifunga Bunge la taifa tu, hayamlindi Mweusi dhidi ya majirani zake. Mwandishi wa habari Ida B. Wells, aliyekusanya habari za watu walionyongwa na magenge, aliwahimiza watu wake wawe na bunduki majumbani, kwa kuwa sheria ilikataa kuwalinda. Singethubutu kumwambia alikosea.

Lakini tazama haki hiyo ilivyogawanywa. Mei 1967 vijana Weusi wa chama cha Black Panther waliingia na bunduki, kihalali, kwenye jengo la bunge la California, na mwaka uleule gavana Ronald Reagan akasaini sheria ya kukataza kubeba hadharani bunduki iliyojazwa risasi. Julai 2016, kule Minnesota, Philando Castile alisimamishwa barabarani na polisi. Alikuwa na kibali cha bastola, akamweleza askari kwa upole kwamba anayo. Alipigwa risasi akiwa amefunga mkanda, mchumba wake kando yake na mtoto wa miaka minne kiti cha nyuma. Askari aliachiwa huru. Haki iliyotolewa mwaka 2008 kwa kila mtu haikumfikia Castile pale kwenye usukani wake. Majaji waliikuta historia ya Colfax, wakaitumia katika hukumu ya McDonald, na Jaji Clarence Thomas, ambaye ni Mweusi, aliiandika kwa uchungu wa kweli. Ninachowadai ni kwamba walitoa bastola bila kutoa ulinzi, na Mweusi wa Marekani amebaki na wingi wa bastola na uhaba wa ulinzi.

Kisha ukaja mwaka 2022. Tarehe 14 Mei, kijana mbaguzi aliua watu 10 Weusi kwenye duka la vyakula mjini Buffalo. Siku kumi baadaye, Uvalde, Texas, kijana wa miaka 18 aliyenunua bunduki yake dukani kihalali mara tu alipotimiza umri aliingia shule ya msingi akaua watoto 19 na walimu wawili. Askari 376 wa vyombo mbalimbali walifika hapo, wote na silaha, na ilichukua dakika 77 kabla hajakabiliwa. Niliona picha za wazazi nje ya uzio. Siku 30 baada ya Uvalde, Mahakama ya Juu ilitoa hukumu ya kesi ya Bruen, kwa sita dhidi ya tatu, ikiifuta sheria ya New York iliyokuwa imedumu zaidi ya karne moja na iliyomtaka mtu atoe sababu maalumu kabla ya kupewa kibali cha kutembea na bastola.

Aliyeandika ni Thomas. Kufutwa kwa sheria ya New York kulikuwa kubaya, lakini kipimo alichokiweka ni kibaya zaidi, kwa sababu kinatumika nchi nzima kwa kila sheria ya bunduki. Serikali haiwezi tena kuitetea sheria kwa kusema inaokoa watu. Lazima ionyeshe kwamba inafanana na desturi ya zamani, hasa ya enzi za 1791. Jimbo lenye maiti chumba cha maiti haliruhusiwi kuzileta kama ushahidi. Linaambiwa lilete karatasi kuukuu. Na majaji walizichambua karatasi hizo kweli. Hukumu ina kurasa zaidi ya 130, na ndani yake wanabishana kuhusu sheria ya Uingereza ya mwaka 1328, miaka mitatu kabla Ibn Battuta hajashuka Kilwa. Watoto wa Uvalde walikuwa wamezikwa majuzi tu.

Jaji Stephen Breyer alifungua maoni yake ya kupinga kwa hesabu: mwaka 2020 Wamarekani 45,222 walikufa kwa risasi. Zaidi ya nusu yao walijiua, na hilo husahaulika kila mara kamera zinapokimbilia mauaji ya halaiki. Jaji Samuel Alito akamjibu kwa kuuliza mauaji hayo yanahusiana nini na kesi iliyo mbele yao. Nimelisoma jibu hilo mara kadhaa nikitafuta namna ya kulielewa kwa wema. Anasema sheria ya New York haikumzuia muuaji wa Buffalo, na hapo yuko sahihi. Lakini jaji anayeuliza vifo vinahusiana nini na kesi ya bunduki amekaa mbali mno na watu. Wiki moja baada ya hukumu, Breyer alistaafu.

Kipimo hicho kilipofika mikononi mwa mahakama ya rufaa inayosimamia Texas, kilizaa matunda yake. Zackey Rahimi alimburura mpenzi wake, mama wa mtoto wake, kwenye maegesho ya magari, akamgongesha kichwa garini, akafyatua risasi mbele ya mtu aliyeshuhudia. Mahakama ikamwekea amri ya kumlinda mwanamke huyo, na sheria ya taifa ya mwaka 1994 inamkataza mtu wa namna hiyo kumiliki silaha. Aliendelea kuwa nazo na akashiriki matukio mengine kadhaa ya risasi, likiwamo la kufyatua hewani kwenye mgahawa baada ya kadi ya rafiki yake kukataliwa. Mahakama ya rufaa ikasema mwaka 2023: enzi za waasisi hapakuwa na sheria ya kumnyang'anya bunduki mwanamume wa aina hii, kwa hiyo sheria ya leo ni batili.

Bila shaka haikuwapo. Enzi hizo mke hakuwa na mali yake mwenyewe mbele ya sheria, na wanawake wa Marekani walihakikishiwa kura na Katiba mwaka 1920. Waliopigwa hawakuulizwa sheria iweje. Kuuchukua ukimya wa watu walionyamazishwa na kuufanya ushahidi dhidi ya wajukuu wao ni dhuluma, na natumia neno hilo kwa uzito wake wote. Juni 2024 Mahakama ya Juu ilikataa kufika huko. Majaji wanane waliishikilia sheria, na Jaji Mkuu John Roberts akaeleza kwamba serikali haihitaji kupata pacha wa kale wa sheria yake; kanuni inayofanana inatosha. Niliposoma nilishusha pumzi. Aliyepinga alikuwa mmoja: Thomas, mwandishi wa kipimo chenyewe. Alikitumia kama alivyokiandika, kikamrudisha kwa Rahimi na bastola yake. Wenzake waliona mwisho wa njia hiyo, wakarudi hatua moja, lakini njia wakaiacha wazi.

Wiki moja kabla, katika kesi isiyohusu Katiba bali maana ya maneno ya sheria, majaji sita waliondoa marufuku ya kifaa kinachoifanya bunduki ya kawaida imimine risasi mfululizo. Kifaa hicho kilitumika Las Vegas tarehe 1 Oktoba 2017, ambapo mtu mmoja alifyatua risasi zaidi ya 1,000 katika takriban dakika 11 kutoka dirishani mwa hoteli, na watu 60 wakapoteza maisha, wakiwamo waliofariki baadaye kwa majeraha. Sheria ya 1934 inaeleza rashasha kwa jinsi kifyatulio chake kinavyofanya kazi. Hukumu ya Thomas ilichora picha za vyuma vya ndani, kimoja baada ya kingine, kuthibitisha kwamba kifyatulio hurudi mahali pake kila risasi inapotoka, hivyo hiyo si rashasha. Bunge, alisema Alito, linaweza kubadili sheria. Bunge halijaibadili.

Kipimo cha Bruen nacho kimefika Maine. Tarehe 25 Oktoba 2023, Lewiston, mji wa jimbo hilo, mwanajeshi wa akiba aliingia kwenye ukumbi wa mchezo wa bolingi, kisha baa, akaua watu 18. Jamaa zake na wenzake jeshini walikuwa wameona kuwa akili yake imeyumba na walishatoa taarifa. Kwa siku mbili wakazi walijifungia ndani, mpaka alipopatikana amejiua. Miongoni mwa waliojifungia walikuwamo watu ambao Kiswahili chao au cha wazazi wao kilipita kambi za wakimbizi za Dadaab na Kakuma: Wabantu wa Somalia, baadhi yao Wazigua wa asili, wajukuu wa watu waliochukuliwa utumwani karne ya 19 kutoka nyanda za Tanga na kupelekwa bonde la Jubba. Vita vya Somalia viliwakimbiza kuanzia 1991. Ndugu zao wengine walirudi Tanzania, wakapewa makazi Chogo, Handeni, na baadaye uraia. Hawa walifika Lewiston, mji wa viwanda vya nguo vilivyofungwa, kwa sababu walisikia ni mahali pa kulelea watoto. Walikuwa wameshajua maana ya kuzima taa na kukaa chini ya dirisha. Hawakutegemea kuwafundisha watoto wao jambo hilo huko.

Baada ya maziko, bunge la Maine lilipitisha sheria ya kiasi sana: anayenunua bunduki angoje saa 72 kabla ya kukabidhiwa. Siku tatu ni muda wa hasira kupoa, na zaidi ya hapo ni muda wa mtu aliyekata tamaa kupigiwa simu na dada yake. Ilianza kutumika Agosti 2024. Wauzaji na wanunuzi wakaenda mahakamani, na Februari 2025 jaji wa taifa akaizuia kwa kipimo cha Bruen, maana hakuona desturi ya zamani ya kumngojesha mnunuzi. Jimbo likakata rufaa, na mawakili wake wakaenda kupekua mwaka 1791. Mwaka huo hapakuwa na jimbo linaloitwa Maine, lilikuwa bado kipande cha Massachusetts na lingebaki hivyo hadi 1820. Mababu wa baadhi ya wale waliozima taa Lewiston walikuwa Uzigua, wakilima, hawajapakiwa kwenye jahazi lolote.